Nyeusi Mbili Kwenye Bango Moja: Tafuta Kosa Kabla ya Kuosha Hedi

Bendera ya Uganda ina mistari sita: nyeusi, njano, nyekundu, halafu nyeusi, njano, nyekundu tena. Kwa mchapaji wa mabango huo ni mtihani, kwa sababu nyeusi mbili zimekaa zikitazamana na hakuna Mganda asiyejua kwamba zinatakiwa kufanana. Oktoba 9 inapokaribia na oda za Uhuru kumiminika Nasser Road na Nkrumah Road, mitaa ya wachapaji jijini Kampala, ndipo utaona bango limetoka na mstari wa juu uliopauka kama masizi yaliyofutwa kwa kitambaa, na mstari wa nne mweusi ti. Mashine ni ileile, wino uleule, flexi (plastiki ya mabango) ileile.

Wengi hukimbilia kuosha hedi, kile kichwa cha mashine kinachotema wino. Kwa kosa la namna hii, kuosha ni kumwaga wino bure. Nozeli (kitundu cha hedi kinachotoa wino) iliyoziba haisomi mchoro. Haiwezi kuharibu mstari wa kwanza na kuishia palepale njano inapoanzia, kisha ikapona inapofika mstari wa nne. Rangi inayobadilika kwa kufuata umbo la mchoro imetoka kwenye faili au kwenye programu ya RIP, ile inayotafsiri faili kuwa maagizo ya mashine. Inayobadilika bila kujali mchoro imetoka kwenye mashine, wino au materiali. Ukishatenganisha haya mawili, nusu ya kazi imekwisha.

Jinsi ya kuyatenganisha

Usianze na bango zima. Kata kipande cha faili cha sentimita 30 kwa 30 penye kasoro, ukichape kwa mpangilio uleule uliotumia. Kisha ndani ya RIP kigeuze nyuzi 90 na ukichape tena. Weka vipande viwili kando kwa kando. Kama kasoro imegeuka pamoja na mchoro, ni ya faili au RIP. Kama mchoro umegeuka lakini mistari au kufifia kumebaki kunafuata njia ya keriji (kigari kinachobeba hedi) au njia ya kuvutia flexi, ni ya mashine. Jaribio hili halimalizi hata robo ya mita ya mraba, na linamaliza ubishi kati ya dizaina na fundi wa mashine, ambao mara nyingi hawako hata jengo moja.

Yapo pia maumbo ya kasoro ambayo jicho likiyazoea halihitaji jaribio. Sanduku lenye ukingo mkali kuzunguka nembo au kivuli: faili. Mistari myembamba ya kulala inayojirudia kwa nafasi zilezile: nozeli, mvuto wa materiali, au uchapaji wa kwenda na kurudi. Weusi unaoanza vizuri ukapungua kadiri mita zinavyoongezeka: wino haufiki kwa kasi inayotakiwa. Upande wa kushoto na wa kulia kutofanana: joto, au materiali yenyewe. Kazi ya leo kutofanana na ya wiki iliyopita: kuna kilichobadilishwa, iwe roli, chupa ya wino, profaili (faili la kutafsiri rangi) au idadi ya pasi (mara ambazo hedi inapita juu ya eneo moja), hata kama kila mtu dukani anaapa hakugusa kitu.

Faili: hakuna nyeusi moja tu

Kwenye kioo cha kompyuta nyeusi zote ni nyeusi. Ndiyo maana dizaina hashtuki. Lakini mashine inasoma namba, na namba hizo zinaweza kutofautiana sana.

Nyeusi tupu ni K (wino mweusi) asilimia 100 peke yake, C (samawati), M (majenta) na Y (njano) zikiwa sifuri. Kwenye flexi nyeupe huwa dhaifu, ikielekea kijivu au kahawia, kwa sababu ni tabaka moja la wino na weupe wa chini unachungulia. Nyeusi nzito ni K 100 iliyotandikiwa rangi nyingine, mathalani C 60, M 40, Y 40, K 100. Hiyo ndiyo inayokaa vizuri kwenye eneo kubwa. Halafu kuna nyeusi ya RGB, rangi za kioo (nyekundu, kijani, bluu), yaani 0, 0, 0. Photoshop ikiigeuza kwa profaili ya kawaida ya Marekani, SWOP v2, hutoa C 75, M 68, Y 67, K 90. Tazama: K haifiki hata 100, lakini jumla ya wino ni 300. Mwisho kuna rangi ya alama za usajili, 100 kwa zote nne, jumla 400. Hiyo ni ya alama za kukatia tu. Ukiijaza kwenye mandhari ya bango, wino hautakauka, utagandia mgongo wa flexi ukikunja, na mteja atakurudishia kazi.

Ipo nyingine ya tano inayojificha kuliko zote. Dizaina akichora nembo kwa nyeusi tupu kwenye faili la CMYK, kisha akaitoa kama PNG au JPEG ili aitume kwa WhatsApp, K 100 hugeuka kuwa RGB 35, 31, 32, ambayo kwa msimbo huandikwa 231F20. Hiyo si nyeusi tena, ni kijivu kizito. Ukiiweka juu ya mandhari nyeusi utapata sanduku lililopauka kuzunguka nembo. Ukikuta 231F20 kwenye nembo ya mteja, ujue faili limeshatembea. Omba la asili, la vekta (mchoro wa mistari, si wa vitone), na litumwe kama dokumenti, si kama picha, maana picha za WhatsApp hubanwa njiani.

Ili kusoma namba, fungua PDF kwenye Acrobat Pro, ingia Print Production, kisha Output Preview. Pitisha kishale juu ya mstari wa kwanza wa bendera uandike asilimia nne, kisha mstari wa nne. Badilisha kwenda Object Inspector uone kama kitu ni RGB au CMYK, na kama ni picha au vekta. Wa kwanza ukisoma 0, 0, 0, 100 na wa nne 75, 68, 67, 90, mgonjwa amepatikana na mashine haijawashwa.

Kwenye Illustrator, nenda Preferences, sehemu ya Appearance of Black, uchague nyeusi zionyeshwe na kutolewa kwa usahihi. Bila hivyo nyeusi tupu inaonekana nzito kwenye kioo na unadanganyika. Kwenye CorelDRAW, Find and Replace itabadilisha rangi za vekta zote kwa pamoja, lakini haigusi bitimapu za rangi, yaani picha za vitone kama JPEG. Bitimapu ni kazi ya Photoshop.

Na hapo kwenye bitimapu ndipo muda unapopotea. Watu hujaribu kupaka nyeusi ya picha ifanane na nyeusi ya mandhari kwa macho. Haifanani, na ikifanana kwenye flexi itatofautiana kwenye stika. Afadhali uinyime picha nafasi ya kuleta nyeusi yake: ikate kwa njia ya vekta au ondoa mandhari yake kabisa, ili nyeusi yote ya nyuma itoke kwenye kitu kimoja chenye namba moja. Kama picha inayeyukia gizani na haikatiki, fanya kinyume: panua nyeusi ya picha ndani ya Photoshop, ikiwa CMYK tayari, hadi ijaze mandhari yote, na ufute ile ya vekta.

Vivuli na uwazi huleta sanduku lao pia, hasa kivuli cha RGB kikiwa juu ya mandhari ya CMYK. Hakikisha dokumenti zima liko CMYK kabla ya kutoa PDF. Likiendelea kusumbua, geuza mchoro wote kuwa TIFF moja ya CMYK, dpi (vitone kwa inchi) 100 hadi 150 kwa ukubwa halisi. Kwa bango la kutazamwa kutoka mita tatu inatosha. Ila ujue mpaka wa dawa hii: inaifanya RIP itendee kila kitu kama picha moja, lakini namba mbili tofauti zikiingia zitabaki mbili.

Chagua nyeusi ya duka

60, 40, 40, 100 ni mahali pa kuanzia tu. Kila mashine, wino na materiali ina nyeusi yake, na haiokotwi mtandaoni. Chora safu ya miraba ya sentimita 10, yote kwenye mstari mmoja wa upana wa roli: K 100 peke yake; 30, 20, 20, 100; 40, 30, 30, 100; 50, 40, 40, 100; 60, 40, 40, 100; 70, 50, 50, 100; kisha RGB 0, 0, 0 na RGB 35, 31, 32. Andika namba chini ya kila mraba ndani ya faili lenyewe, usitegemee kalamu.

Chapa kwenye flexi unayotumia kila siku, acha ikauke hadi kesho yake, uitoe nje kivulini. Usihukumu chini ya taa ya dukani, wala juani moja kwa moja, kwa sababu mng'ao wa flexi utakudanganya. Tafuta mraba mwepesi zaidi ambao huwezi kuutofautisha na ulio mzito kuliko wenyewe. Huo ndio wako. Ukizidisha hapo, wino unaoongezeka hauonekani, unalipiwa tu. Sugua kwa kidole, kunja kona mara mbili tatu. Wino ukitoka au ukipasuka, shuka mraba mmoja.

Kama nyeusi inaelekea wekundu, punguza M kwa 5. Ikielekea bluu, punguza C kwa 5. Ikiwa kijani, mara nyingi M imepungua, iongeze 5 kabla ya kugusa zile nyingine. Rudia miraba mitatu tu inayokaribia, si safu yote.

Maandishi madogo, yaliyo chini ya milimita 5 hivi, yaache K 100 peke yake. Rangi nne zikikosana hata kidogo yatakuwa na ukungu pembeni. Maandishi meupe madogo ndani ya nyeusi nzito nayo hujaa wino na kufumbika, yape unene zaidi.

RIP inaweza kukubadilishia namba

Faili likiwa safi na bado nyeusi zinatofautiana, angalia RIP. Programu hizi zina mipangilio tofauti kwa picha na kwa vekta, na tofauti tena kwa RGB na CMYK. Perceptual na Relative Colorimetric ni njia mbili za kutafsiri rangi: ukiacha picha zigeuzwe kwa ya kwanza na vekta kwa ya pili, namba mbili zinazolingana zitachapwa tofauti. Weka vyote kwenye namna moja na profaili moja ya kuingizia.

Kipo pia kisanduku cha kuhifadhi nyeusi tupu au rangi safi, kila RIP ina jina lake. Kikiwekwa alama, K 100 inapita bila kuguswa na inachapwa kwa wino mweusi pekee. Kisipowekwa, RIP inaitafsiri kupitia profaili na kuichanganyia rangi nyingine. Hakuna jibu moja sahihi, ila chagua upande mmoja na ubaki hapo. Duka lenye zamu mbili ambapo mmoja anaweka alama na mwenziwe anaiondoa litatoa nyeusi mbili milele, na kila mmoja atamlaumu mwenzake.

Tazama kikomo cha wino. Kwenye flexi na wino wa eko-solventi (wenye kiyeyusho chepesi), jumla ya 220 hadi 280 ndiyo inayobebeka mara nyingi. Nyeusi ya 240, ile ya 60, 40, 40, 100, mara nyingi itapita salama. Ile ya RGB yenye 300 inakatwa, na kwa jinsi inavyokatwa inaweza kupoteza C au M na kugeuka kahawia. Kama hujawahi kufanya ulinganishaji wa viwango vya wino tangu ubadilishe aina ya wino, profaili unayotumia ni ya wino ambao haupo tena kwenye mashine.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa profaili, pasi na joto kwa pamoja nyeusi ikapona, hutajua ni kipi kilichoponya, na kesho itaugua tena.

Wino haufiki

Jaribio la nozeli likitoka safi asubuhi halithibitishi kitu kuhusu bango la mita sita. Mistari yale ya majaribio inatumia wino kidogo mno. Fanya hivi: chapa jaribio la nozeli, papo hapo chapa K 100 iliyojaa upana wote kwa urefu wa mita moja, kisha papo hapo jaribio la nozeli tena, bila kuosha katikati.

Nozeli zilezile zikikosekana kabla na baada, zimeziba au zimekufa. Zikiwa zote zipo mwanzo na kundi likapotea baada ya mita ile, hasa ukisubiri dakika kumi zikarudi zenyewe, hedi ina njaa: wino unatumika haraka kuliko unavyoingia. Nozeli tofauti zikipotea kila mara bila mpangilio, shuku hewa kwenye mpira wa kupitishia wino au kepu (kifuniko cha hedi) isiyofunga vizuri.

Njaa hufuatwa kutoka kwenye tangi kuja kwenye hedi. Angalia kiwango cha wino na tundu la hewa la kifuniko. Tangi lililofungwa kabisa linavuta ombwe na wino unakataa kushuka. Fuata mpira wote ndani ya mnyororo wa keriji ukitafuta palipokunjika au penye mapovu. Kisha dampa, ile sanduku ndogo ya plastiki yenye kichujio juu ya hedi. Ya kanali (njia ya wino wa rangi moja) nyeusi huziba mapema kwenye maduka yanayochapa mandhari nyeusi nyingi, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ikiwa nusu tupu wakati mashine inachapa, au kichujio kina matope, ibadilishe. Kuiosha dampa ya bei ndogo ili kuokoa hela na kuhatarisha hedi ya bei kubwa ni hesabu mbovu.

Kepu ina kazi mbili: kuziba hedi isikauke na kuishikilia pampu inapovuta. Mashine ikiwa imezimwa na keriji imesogezwa, safisha midomo ya mpira kwa kijiti chenye sponji kilicholowa dawa ya kusafishia ya wino huohuo. Usitumie pamba ya dukani, nyuzi zake ndizo zitakazoingia kwenye nozeli. Jaza dawa kwenye kepu, kisha amuru usafishaji. Dawa ikibaki pale pale, pampu au mpira wake umeziba. Ikivutwa vizuri lakini nozeli hazirudi, mdomo wa kepu hauzibi: umekatika, umejikunja, au una ganda la wino kavu lisiloonekana mpaka uliguse kwa ukucha. Vaa glavu, fungua madirisha. Dawa hizi si maji.

Usafishaji wa mfululizo usizidi mara tatu. Nozeli zikikataa, paki keriji juu ya kepu yenye dawa kidogo kwa saa moja au usiku kucha kisha ujaribu tena. Wanaosukuma dawa kwa bomba la sindano wasukume taratibu. Nguvu ya kidole gumba inatosha kupasua ndani ya hedi, na kupeleka rangi ya kanali moja kwenye ya jirani.

Uchafuzi wa namna hiyo bendera huuonyesha haraka, kwa sababu njano haifichi siri. Njano ikianza na ukijani au uchafu kwa sentimita 20 za kwanza kisha ikatakata, nyeusi imevutwa kuingia kwenye njano kupitia kepu au waipa (mpira unaofuta hedi) chafu. Safisha hivyo viwili, usiilaumu njano.

Kukatika kwa umeme ni sababu ya kila siku isiyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Umeme ukienda katikati ya kazi, hedi inabaki wazi juu ya flexi yenye joto, na nyeusi iliyo usoni mwa nozeli inaanza kukauka ndani ya dakika chache. Kama mashine yako inaruhusu keriji kusogezwa kwa mkono ikiwa haina umeme, irudishe kwenye kepu mara moja, usisubiri umeme urudi. UPS inayobeba mashine japo dakika tano, ikiwa hita ziko kwenye laini yake tofauti, inatosha kusimamisha kazi na kupaki. Waya wa ardhi uwepo kweli, si wa kuonyesha: umeme tuli huyumbisha matone madogo, na nyeusi inapata ukungu pembeni.

Wino wenyewe usichanganye. Chupa ya kampuni nyingine kumiminwa juu ya mabaki inaweza kugandisha wino ndani ya mipira, na hata isipogandisha nyeusi itabadilika taratibu kwa wiki mbili hadi usijue ilianza lini. Soma tarehe ya mwisho, na kabla ya kumimina pindua chupa taratibu mara kadhaa, kwani pigmenti hutuama. Usiitikise kwa nguvu, utajaza mapovu.

Kwenda na kurudi

Kuna kosa moja linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Nyeusi nzito inatoka na michirizi ya kulala, mmoja ukielekea bluu na unaofuata ukielekea wekundu, lakini K 100 peke yake ni safi kabisa. Nozeli hazina tatizo. Keriji ikienda kulia inaweka rangi kwa mpangilio mmoja, ikirudi kushoto mpangilio umepinduka: iliyokuwa chini sasa iko juu. Nyeusi ya rangi nne inaonyesha tofauti hiyo, nyeusi ya rangi moja haina cha kupindua.

Chapa mraba wa nusu mita kwa njia zote mbili, kisha mwingine kwa upande mmoja tu. Michirizi ikitoweka kwenye wa pili, umeijua. Kuchapa upande mmoja kunachukua karibu mara mbili ya muda, kwa hiyo kwa kazi za kawaida ongeza pasi, kutoka 4 hadi 6 au 8, na upunguze rangi za chini: nyeusi ya 40, 30, 30, 100 hupiga michirizi kidogo kuliko ya 70, 50, 50, 100.

Michirizi ikiwa kwenye K 100 pia, ni mvuto. Mistari myeupe maana yake flexi inavutwa kupita kiasi. Mistari myeusi zaidi, inavutwa pungufu. Rekebisha kwa hatua ndogo ukiwa na roli ileile, joto lilelile, na mikandamizo ya pembeni imekaa, maana flexi yenye joto hujinyoosha.

Joto na roli

Eko-solventi huhitaji hita ya mbele na ya katikati kwenye nyuzi 35 hadi 45, ya kukaushia 45 hadi 55. Likiwa chini, matone yanakimbiliana na nyeusi inakuwa na madoadoa kama ngozi ya chungwa. Likizidi, wino unakauka kabla ya kutandaa, nyeusi inakosa mng'ao na nozeli zinakauka. Subiri dakika 15 baada ya hita kufika nyuzi zake, kwa sababu namba kwenye kioo ni ya hita, si ya flexi. Msimu wa mvua, Septemba hadi Novemba, roli iliyotoka stoo ya baridi iache ndani ya chumba cha mashine usiku mmoja. Feni au mlango ulio wazi upande mmoja wa mashine unatosha kufanya kushoto na kulia visilingane.

Roli mbili za jina moja si lazima ziwe za kiwanda kimoja wala weupe mmoja. Kabla ya kazi kubwa chapa kipande cha nyeusi cha sentimita 20 mwanzoni mwa kila roli ukilinganishe. Alama za vidole huonekana kwenye nyeusi kuliko rangi yoyote, basi shika kingo. Flexi ing'aayo na ya mati (isiyong'aa) haziwezi kulingana hata kwa namba zilezile; mwambie mteja mapema, si akija kuchukua. Bango la taa ya nyuma lihukumiwe taa ikiwa imewaka, na nyeusi yake huhitaji wino mara mbili, la sivyo usiku inakuwa kijivu. Stika inayopigwa laminesheni isubiri saa 24 solventi itoke kwanza, na kumbuka laminesheni ya kung'aa itaizamisha nyeusi zaidi.

Mabango ya vipande

Bango la mita 12 likigawanywa vipande vinne vya kuunganishwa kwa joto, nyeusi inaweza kuwa sawa ndani ya kila kipande na bado ikakosana kwenye maungio. Sababu ni kwamba ukingo wa kulia wa kipande cha kwanza unakutana na ukingo wa kushoto wa cha pili, na kingo hizo mbili hazikupata joto wala muda wa kukauka uliolingana. Dawa ni kugeuza kila kipande cha pili nyuzi 180 ndani ya RIP, ili ukingo wa kulia ukutane na wa kulia. RIP nyingi zina chaguo hilo kwenye sehemu ya kugawa vipande. Vipande vyote vitoke roli moja, siku moja, pasi zilezile, bila kuosha hedi wala kuongeza wino katikati. Acha sentimita 2 hadi 3 za kupandana.

Kipande kimoja kikiharibika usikichape pekee kesho yake na kukiweka katikati ya vya jana. Linganisha kwanza na kipande kidogo cha majaribio kilichokauka saa zilezile. Nyeusi mbichi siku zote inang'aa kuliko iliyolala.

Kwa mteja anayerudi, kata ukanda wa sentimita 10 wa nyeusi kutoka kwenye kazi aliyoikubali, uandike mgongoni kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe, namba nne za rangi, jina la roli, aina ya wino, profaili, pasi, upande mmoja au mbili, na nyuzi za hita. Uweke ndani ya bahasha mahali pakavu pasipo jua. Oda ya pili ikija, chapa ukanda mwingine, uache ukauke, uilaze kando ya ule wa zamani nje kivulini kabla hujagusa roli ya kazi.